Mwana wa Zafarani

Suad alikuwa hamwamini mtu. Usimcheke. Huko Harrow, alikopanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya Bwana Firoz, alikuwa akifunga dirisha kwanza ndipo amtaje mtu wa Unguja. Barua ikija huigeuza mbele na nyuma, hunusa gundi yake, akasema, "Hii imefunguliwa." Mzanzibari mgeni akishuka London, Suad humpeleleza kama askari wa bandarini: nani kakupa pasi, na mbona wewe wamekuachia na wenzako wamo ndani? Na wala haukuwa wazimu mtupu, bwana wee. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, na neno lililosemwa mezani Harrow lilikuwa likifika Unguja kabla ya barua.

Mumewe, Abdulwakil, alichukuliwa nyumbani kwao Kajificheni siku ya pili ya Mapinduzi. Hakurudi, hakuzikwa mbele ya macho ya mtu, na kila aliyeulizwa alitazama pembeni. Wengine wote walikwisha kumlia wakamaliza. Suad? Hata! Yeye alikuwa na ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ulikuwa ufunguo.

Siku ile Abdulwakil aliwafungia Suad na binti yao Mardhiya, mtoto wa miaka kumi, katika chumba cha ndani, ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu. Wakaja watu na mapanga na bunduki wakamchukua, ufunguo ukaenda naye. Asubuhi ya pili, Suad na mtoto wamekauka koo kwa kiu, wakasikia kitasa kinazunguka. Suad alipopata moyo wa kusukuma mlango hakuona mtu ngazini. Ufunguo tu, umechomekwa kwa nje. Sasa wewe niambie, ufunguo alikuwa nao nani? Basi mlango kafungua nani? Abdulwakil aliponyoka, akaja kuwafungulia mkewe na mwanawe, akakimbia kujificha, na ipo siku atabisha hodi. Hiyo ndiyo hesabu ya Suad, na kwa hesabu hiyo alikuwa ameishi miaka tisa na zaidi, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Alikuwa na hesabu ya pili pia, na hii ilikuwa chungu. Kabla mumewe hajachukuliwa, nyuma ya mlango ule Suad alisikia sauti anayoijua, sauti ya Msabaha. Msabaha alikuwa mzalia wa nyumba yao. Mama yake, aliyekufa kabla Suad hajaolewa, alikuwa kijakazi wa baba mkwe wa Suad, enzi zile watu wakimilikiwa kama mbuzi. Utumwa ulifutwa kwa sheria, lakini Msabaha alikulia pale pale, akichota maji na kufungua mlango, akimwita Abdulwakil "bwana". Na nchi nzima ilikuwa hivyo: wajukuu wa wenye watumwa wamekaa juu, wajukuu wa watumwa wamekaa chini, ufa katikati, na siku ile ufa ukapanda ngazi mpaka mlangoni kwao. Maneno ya Msabaha Suad hakuyapata. Alimsikia mtu mwingine akiuliza kwa ukali, "Kweli hayo?" Na akamsikia mumewe akijibu, wazi kabisa, "Huyu simjui." Kisha miguu, kisha kimya.

Mtu aliyekula chungu kimoja nao miaka yote, mpaka Abdulwakil anamkana usoni, alikuja pale kufanya nini kama si kuwaonyesha wauaji njia? Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo Msabaha alipotokea London mwaka wa sabini na moja, ameshuka melini, akapata kazi ya kuosha mabasi, Suad alipita nyumba kwa nyumba: "Msimkaribishe. Mkono wake una damu." Watu wakamfungia milango. Msabaha hakujitetea hata kwa neno moja, na Suad akasema mwenye haki hanyamazi.

Aliyekuwa akiumia zaidi katika yote hayo ni Mardhiya. Alikuwa na miaka ishirini sasa, anapiga taipu ofisini, na kijana mmoja wa Kipemba alikuwa amemposa tangu mwaka juzi. Suad hakukataa. Alisema tu, "Baba yako atakuja kukuozesha kwa mkono wake. Tumngoje."

"Mum, please," Mardhiya husema, maana siku hizi alikuwa amesahau kukasirika kwa Kiswahili. Na ngoja ngoja, kama ujuavyo, huumiza matumbo.

Basi ikaja Jumapili ya kwanza ya Shaaban. Wazanzibari walikubaliana kusoma hitima katika sebule ya Bwana Firoz, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa. Firoz alizaliwa Unguja, akahamia Kampala kutafuta riziki, na mwaka uliopita Kampala nayo ikamtapika na sanduku moja, yeye na mkewe; nyumba hii aliikodi kwa msaada wa nduguze. Alikuwa mtu mpole anayeogopa kelele. Makochi yalisukumwa ukutani, wanaume wakakaa chini chumba cha mbele, wanawake chumba cha nyuma, mlango wa kati umeachwa wazi kidogo. Kila nyumba iliandika majina ya maiti wake kwenye karatasi, ikaiweka katika sinia, na Maalim Mwadini, ambaye siku za kazi alikuwa kondakta wa basi, akawa anayasoma moja moja. Suad alikuwa ameandika baba yake, mama yake na bibi yake. Mumewe hakumwandika, kama miaka yote.

Maalim akasoma, akasoma, watu wakiitikia. Kisha akaokota kijikaratasi kidogo, akakisogeza karibu na macho.

"Abdulwakil, mwana wa Zafarani, mtu wa Kajificheni, aliyekufa siku ya pili ya Mapinduzi."

Lo! Suad akainua kichwa. Kajificheni ilikuwa na Abdulwakil mmoja tu. Wanawake wawili watatu waligeuka kumtazama, wakageuka upesi kutazama misahafu yao. Halafu Suad akalirudia jina la mama. Zafarani? Mama mkwe wake alikuwa Bi Thuwaiba, mtu na nasaba yake, aliyekufa amevishwa dhahabu mpaka vifundoni. Zafarani ni jina la kijakazi. Zama zile waliwapa vijakazi majina ya viungo na manukato, kama bidhaa za dukani. Basi huyu si wangu, alijiambia. Lakini moyo haukukubali kukaa chini.

Kahawa ilipoanza kupita, Suad alikwenda moja kwa moja kwenye sinia, akafukua mpaka akakiona. Herufi za Kiarabu, kwa penseli, zimeandikwa taratibu nyuma ya karatasi ya zamu ya gereji la mabasi. Akamgeukia Mwadini, kondakta wa basi, kwa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo.

"Maalim, hii ni yako?"

"A'uzubillahi, Bi Suad! Gereji lina watu mia mbili." Mwadini akakitazama tena, akashusha sauti. "Lakini aliyeandika si mchezo. Katika hitima sisi tunamtaja maiti kwa baba yake. Kwa mama yake hutajwa mahali pamoja tu, kaburini, anaposomewa talakini. Mtu huyu kaandika kama alivyotamka juu ya udongo wa kaburi."

Suad akakikunja kijikaratasi, akakitia kiganjani. Alikuwa amewaandikia wakubwa wa nchi barua zaidi ya thelathini, nipeni mume wangu au nionyesheni kaburi. Nani angefurahi barua hizo zikome? Ndio wao! Wamemtuma mtu aje amzike Abdulwakil kwa penseli. Akawatazama mmoja mmoja pale sebuleni, nani anakunywa kahawa kwa raha kupita kiasi, nani hanywi. Macho yake yakamkuta Bwana Firoz, na Bwana Firoz akatazama zulia. Papo hapo Suad akamfuata jikoni.

"Bwana Firoz, nimekaa nyumba yako miezi yote hii. Nitazame."

"Bi Suad, mimi mpeleka barua tu."

"Barua ya nani?"

Firoz alifungua bomba la maji ili wasisikike, akalifunga tena, maana hata hilo lilipiga kelele. "Ya Msabaha," alisema. "Alikuja hapa mlangoni siku ya Ijumaa, hakutaka kuingia hata nilipomkaribisha. Akaniambia, 'Mimi sialikwi. Nitilie hii siniani. Nimechoka kumsomea peke yangu.' Alilia, mama. Mimi nimefukuzwa nchi mbili, siwezi kumfukuza mtu mlangoni."

Suad hakupiga kelele, na kwa hilo Firoz aliogopa zaidi. "Muuaji kaniletea jina la aliyemuua," alisema. "Nipe anwani."

Kesho yake mchana alipanda treni kwenda Tottenham, hakumwambia mtu. Chini ya mto wa Mardhiya aliacha kijikaratasi: nikichelewa, nimekwenda kwa Msabaha. Ufunguo alikuwa nao. Njia nzima jina lile lilimkwangua. Zafarani, Zafarani. Na bila kutaka akakumbuka jambo dogo la zamani. Mwaka wa tano wa ndoa yao alikuja mtu kumposa mdogo wake Suad, mtu mzuri, mwenye mali, ila mama yake alikuwa suria, yaani kijakazi aliyemzalia bwana wake. Suad alicheka mezani. "Mtoto wa suria," alisema, "hata umvishe joho, hanuki ila moshi wa jikoni. Mimi ningejua nimelala na mmoja wao ningeoga mpaka ngozi itoke." Abdulwakil aliacha kula, akanawa mikono, akatoka. Suad alidhani tumbo lake linamsumbua. Alimchemshia tangawizi.

Msabaha alikuwa akiosha mabasi usiku, kwa hiyo mchana alikuwepo. Alifungua mlango akiwa na shuka kiunoni, mzee wa miaka sitini kasoro, mwembamba. Alipomwona Suad alirudi hatua moja nyuma.

"Karibu, bibi," alisema, kama alivyokuwa akimwita Kajificheni.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja na jiko la gesi. Alimpa kiti, yeye akakaa sakafuni, akampa chai. Suad hakuigusa. Aliitazama tu chai ile, akafikiri, lolote laweza kuwamo humu.

"Nimekuja kwa neno moja," alisema, akaitupa karatasi kitandani. "Nani kakwambia kafa?"

"Nimemzika mimi."

Alisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Suad alikuwa amejitayarisha kwa uongo mrefu, na sasa hakuwa na pa kuushika.

"Wewe uliyewaleta!"

"Sikuwaleta, bibi. Niliwakuta njiani wanakuja Kajificheni, nikakimbia nao ili nifike pamoja nao. Ngazini nikamshika yule mkubwa wao mkono. Nikamwambia, huyu msimguse, huyu ni kaka yangu, tumbo moja, mama yetu ni Zafarani, mjakazi wa kununuliwa. Mkitafuta mtoto wa mtumwa basi ni huyu, kama mimi."

Suad alicheka, kicheko kibaya. "Abdulwakil ni mwana wa Bi Thuwaiba!"

"Bi Thuwaiba hakujaliwa kuzaa. Kaka alipozaliwa alimchukua siku ya arubaini, akamlea kama wake, na mama yetu akarudishwa jikoni akatazame mwanawe akimwita mtu mwingine mama. Bwana mkubwa alipokufa mama akaolewa na mchukuzi wa bandarini, nikazaliwa mimi. Mama alituapisha sote wawili tusimwambie mtu. Kaka alikuja kumbusu mkono usiku ule mama alipokuwa anakufa, nami nikashika taa."

"Uongo."

"Yule mkubwa wao alimgeukia kaka, akamwuliza, 'Kweli hayo?' Alitaka kumwachia, bibi. Nilimwona usoni. Alikuwa amechoka, damu imemfika vifundoni, alitaka mtu mmoja wa kumwachia. Kaka alikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo." Msabaha alijifuta uso kwa ncha ya shuka. "Akatazama mlango. Mlango ambao wewe ulikuwa nyuma yake. Akasema, 'Huyu simjui.'"

Nje basi lilipita, vioo vikatetemeka. Suad alitaka kusema "Uongo" mara ya pili. Lakini alikuwa anaona mikono ya mumewe ikinawa katika beseni.

Akajikaza. Hakuwa mtu wa kushindwa kwa hadithi. "Maneno kila mtu anayo," alisema. "Abdulwakil yu hai. Alirudi asubuhi ya pili akatufungulia. Ufunguo alikuwa nao yeye."

"Mfuko wa kulia," alisema Msabaha, "chini ya kitambaa cha pua. Walimtupa shambani nje ya mji na wengine kumi na mmoja. Nilingoja hadi wakaondoka. Nikamvuta peke yake, nikamwosha kwa maji ya kisima, nikamkafini kwa kilemba changu na chake. Nilipokuwa namvua kanzu ndipo mkono wangu ulipogusa ufunguo, nikakumbuka mmefungwa. Nikamchimbia upesi, nikamsomea talakini. Na talakini, bibi, unamwita mtu kwa mama yake, huwezi kudanganya pale. Nikamwita Abdulwakil mwana wa Zafarani. Ndiyo mara ya kwanza yeye kuitwa hivyo kwa sauti. Kisha nikaja Kajificheni kwa miguu, nikafungua, nikashuka ngazi mbio."

"Mbona hukungoja? Mbona hukuniambia?"

"Na uso gani? Nguo zangu zina damu yake. Ungesema mimi nimemuua." Kisha, bila hasira, "Na ulisema."

Suad alifungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa la miaka, alilifungua kwa meno. Ufunguo ukaanguka sakafuni, baina yao. Miaka tisa alikuwa amelala na ufunguo ule kama mtu aliyelala na ahadi, kumbe kila usiku alikuwa amelala na habari ya kifo cha mumewe. Akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia mpaka jirani wa Kiingereza akagonga ukuta, naye akamgongea vilevile, kwa kiatu.

Alipotulia aliuliza, "Kwa nini sasa?"

"Nimesikia yule mtoto haolewi, anamngoja baba. Sikuweza tena."

Suad aliichukua chai ile, imekwisha kuwa baridi na utando juu, akainywa yote. Msabaha alimtazama mpaka akaimaliza.

Siku ya Jumatano Suad alikwenda kwa Maalim Mwadini kuuliza habari ya eda. Eda ya mjane, alimwambia, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke aliposikia. Yake ilikwisha zamani, mwaka ule ule wa sitini na nne. "Kwa hiyo hata kumkalia sikupata," alisema Suad. Kwa Mardhiya alisema yote, hata lile la mezani, hata la kuoga mpaka ngozi itoke. Mardhiya akamwuliza, kwa Kiswahili, "Mama, sasa sisi ni nani?"

Na usidhani roho yake ilisafika yote kwa siku moja. Usiku bado aliamka akajiuliza, je, kama mzee yule kaupata ufunguo kwa njia nyingine? Kisha hukumbuka mumewe akinawa mikono, na shaka ikakosa pa kukaa. Heri kumshuku Msabaha kuliko kujua alilojua sasa, kwamba Abdulwakil aliogopa ulimi wa mkewe kuliko bunduki.

Jumapili ya mwisho ya Shaaban walikusanyika tena kwa Bwana Firoz. Suad alishuka mapema, akatia karatasi yake siniani, ya kwanza kabisa. Wanaume walipokaa, Msabaha aliingia, Firoz amemshika mkono, akakaa penye viatu. Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye majani makavu. Wawili wakasogea mbali naye. Ulimi wa Suad ndio uliowasogeza, na yeye alijua.

Maalim akaokota karatasi ya kwanza, akasita, akasoma kwa sauti ndogo: "Abdulwakil, mwana wa Zafarani, mume wa Suad."

Chumba cha wanawake kiligeuka chote. Mke wa mtu mmoja, mtu wa nasaba zake, akamwinamia Suad akamnong'oneza, kwa huruma, kama mtu anayemsitiri mwenzake, "Shoga, Maalim kakosea. Zafarani ndiye nani?"

Suad aliinuka, akausukuma mlango wa kati mpaka ukagonga ukuta, wanaume wote wakamwona.

"Mama mkwe wangu," alisema. "Na yule mliyemweka penye viatu ni shemegi yangu. Mpisheni akae mbele."